Mrejesho: taa ya UV ndani ya kiyoyozi

Niliuliza kama taa ya urujuanimno itamaliza harufu ya uvundo kwenye kiyoyozi cha mabomba ya hewa. Imemaliza, ila kazi yote iko kwenye ufungaji.

Taa ni ya mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 254; zile za 185 hutengeneza ozoni, gesi inayodhuru mapafu, achana nazo. Imekaa upande hewa inakotokea baada ya koili baridi, kama sentimita 30 kutoka kwenye mapezi (vibati vyembamba vya koili), ikimulika koili na trei ya maji. Koili ilisafishwa kwanza, maana mwanga haupenyi uchafu. Hata hivyo ute wa kuvu uliobaki ulibanduka na kuziba mlija wa maji, trei ikafurika. Kagueni mlija wiki za mwanzo.

Plastiki na nyaya zinazomulikwa hukauka na kupasuka, kwa hiyo zimezungushiwa utepe wa alumini. Swichi ya mlango ni lazima: mwanga huu huunguza macho.

Glasi ya taa ikiguswa kwa mkono, ifutwe kwa spiriti. Badilisha taa kila saa 9,000 hivi. Usitazame rangi ya samawati: huendelea kung'aa hata nguvu ya UV ikiisha. Na vumbi? Hilo bado ni la filta.