MJADALA: Tuache kusema vijana wa sasa hawapendi kazi

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, nimebakiza miaka mitatu kustaafu. Jambo hili limenikaa rohoni, naomba tulijadili bila kutukanana.

Juma lililopita tulikuwa kwenye arobaini ya shangazi yangu. Baada ya kisomo, sahani za pilau zikiwa zinakusanywa, mjomba mmoja akawageukia vijana waliokaa barazani akawaambia, "Nyinyi hamtaki kazi, mnataka hela." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mwanangu alikuwemo. Ana shahada ya biashara, na huu ni mwaka wa pili anaendesha bodaboda. Asubuhi ile alikuwa amewaleta wazee wanne kutoka stendi, safari nne, bila kumtoza mtu hata shilingi, na mmoja wao ni huyo huyo mjomba. Hakujibu kitu. Alichukua ndoo na birika akaenda kuwanawisha wageni.

Nataka nijibu mimi, na wa kunipinga anipinge kwa hoja.

Babu yangu alitoka Songea miaka ya 1940 kuja kukata mkonge huku. Waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba yake kabla ya jina lake. Alikuwa na kipande, kadi yenye visanduku 30. Ukimaliza ngwe yako, kisanduku kimoja kinatiwa alama. Usipoimaliza, siku hiyo haihesabiwi hata kama umeshinda juani. Vikijaa vyote 30 ndipo unalipwa. Tulipokuwa watoto tulimuuliza kwa nini alikuja mbali hivyo, akajibu neno moja: "Kodi." Mkoloni alitaka kodi kwa fedha taslimu, na kwao fedha ilikuwa haipatikani mpaka uifuate kwenye mashamba ya watu. Leo tukisema "wazee wetu walikuwa wachapakazi" tunamsema yeye. Alichapa kazi kweli, lakini sijapata kumsikia akisema aliipenda.

Baba alipata kitu ambacho babu hakukipata: barua ya ajira. Aliingia kiwanda kimoja hapa Tanga mwaka 1972, na barua ile aliihifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na cheti cha ndoa. Kiwanda kilikuwa na zahanati, basi la wafanyakazi na timu ya mpira. Kwa baba, kazi ilikuwa mahali. Akisema "nipo kazini" maana yake yuko ndani ya geti. Mwaka 1994 likabandikwa tangazo la kupunguza wafanyakazi, na jina lake likawemo. Nilikuja likizo nikamkuta bado anaondoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, kavaa shati lake la kazi. Nikamfuata siku moja. Alikuwa anakwenda kukaa kwenye ukuta mfupi nje ya geti, yeye na wenzake sita au saba, mpaka jua liwe kali. Hakujua mtu mzima akae wapi asubuhi.

Sasa njooni kwa mwanangu. Pikipiki bado si yake, ni ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwenye chombo, siku sita kwa wiki, mpaka zitimie siku 360, ndipo kadi iandikwe jina lake. Ni milioni 3 na laki 6 kwa chombo ambacho dukani hakifiki milioni 3. Usiku mmoja nililikuta daftari lake mezani. Amechora visanduku, mstari kwa mstari, na kila siku aliyopeleka hesabu ameitia alama ya vyema. Siku za mvua, na ile siku tairi lilipopasuka, visanduku ni vitupu na pembeni kaandika "deni". Amebakiza visanduku 71. Nililitazama daftari lile muda mrefu, maana kipande cha babu nilikwishakishika kwa mikono yangu.

Mtu anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa nne usiku, halafu tunamwambia hapendi kazi?

Alichokipoteza ni imani kwamba kazi itamtunza akiitunza, na imani hiyo hakuipoteza kwa uvivu. Ameona ukuta wa babu yake. Na mimi amenisikia. Kwa miaka mingi sisi walimu tulijua ukistaafu unachukua nusu ya mafao kwa mkupuo. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ikaunganishwa, ikaja kanuni ya kulipa asilimia 25 tu kwa mkupuo, watu wakapiga kelele, ikasimamishwa Desemba mwaka huo huo. Julai 2022 ikawa asilimia 33. Mwaka 2024 sisi tuliokuwa kwenye nusu tukapandishwa hadi asilimia 40. Sibishani leo kuhusu kikokotoo chenyewe, yaani hiyo kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, zipo hoja za uhai wa mifuko. Nasema tu kwamba miaka yote hiyo mtoto alikuwa anakula chakula cha usiku huku mimi mama yake nakokotoa.

Tena lawama hii si ya leo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, ila wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao, na nguvu nyingi zinapotea kwenye porojo, ngoma na pombe. Walioambiwa hayo ndio hao hao tunaowatolea mfano kwa vijana. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na watu wasioweza kuonyesha kazi inayotambulika wakawa wanakamatwa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini. Muuza karanga wa barabarani alikuwa mzururaji. Desemba 2018 muuza karanga akapewa kitambulisho cha mjasiriamali kwa shilingi 20,000. Karanga ni zile zile na jua ni lile lile. Basi anayebadilisha maana ya kazi kila baada ya miaka ni kijana?

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Morogoro

Mwalimu, shikamoo, lakini umewabeba mno. Nina gereji huu mwaka wa 31. Mimi nilikuwa spana boi, kijana wa kujifunza ufundi, miaka mitano. Mwaka wa kwanza kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa petroli na kufua ovaroli za fundi. Kidogo kidogo nikajifunza kuisikiliza injini ikiwa ya baridi, nikajua ule mlio wa kugonga unatoka juu au chini kabla sijafungua nati hata moja. Hakuna shule ya kukufundisha hilo kwa mwezi.

Ndani ya miaka mitatu nimepokea vijana tisa, amebaki mmoja. Mwezi wa pili tu anauliza lini atalipwa kama fundi. Mchana yuko kwenye simu anaangalia mkeka wake wa kubeti umechanika au bado. Na linaloniuma zaidi ni hili: gari likirudi na ugonjwa ule ule, haoni aibu. Sisi gari likirudi tulikuwa hatulali. Aibu ile ndiyo ninayoitafuta kwa vijana hawa, siioni. Msinieleze habari za kikokotoo. Mimi sijawahi kuwa na barua ya ajira wala mafao, na bado nati naikaza mpaka mwisho.

Mchangiaji, Mombasa

Nina jambo ambalo wengi hawalijui. Babu yangu alikuwa hamali bandarini Kilindini. Kabla ya miaka ya 1950 kazi ya bandari ilikuwa ya siku kwa siku. Mtu akitaka anajitokeza asubuhi, akishapata siku za kumtosha haonekani tena mpaka mwezi mwingine. Ana chumba chake, ana minazi ya kwao, ana ndugu ng'ambo ya Likoni. Wakubwa wa Kiingereza walikuwa wakiliita jambo hilo uvivu. Lakini baada ya mgomo mkubwa wa Januari 1947 waliona taabu yake: mtu wa siku kwa siku ukimtishia kumfukuza, humtishi. Ndipo wakaanza kuwaandikisha, kupunguza vibarua na kutafuta wafanyakazi wa kudumu, wenye cha kupoteza.

Kwa hivyo mwalimu, hiyo barua ya babako unayoililia, ndani yake ilikuwamo kamba ya kumfunga pia. Na kijana anayesema "sitaki bosi" anasema alilosema babu yangu. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Babu alikuwa na minazi nyuma yake. Mwanao nyuma yake kuna kodi ya chumba na visanduku 71.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu wa Mombasa, hilo la kamba sikuwa nimelifikiria, ahsante. Fundi, marahaba. Naomba nikuulize bila ubishi: miaka mitano ile ya spana boi ulikuwa unalala wapi, unakula kwa nani?

Mchangiaji, Morogoro

Nilikuwa nalala kwa fundi wangu, chumba cha uani. Mkewe ndiye aliyekuwa akinipikia. Mungu amlaze pema.

Mchangiaji, Zanzibar

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa naomba na mimi niseme.

"Mkewe ndiye aliyekuwa akinipikia." Miaka mitano ya ufundi ilikaa juu ya jiko la huyo mama, naye hayumo kwenye hesabu ya gereji. Mwalimu naye katuletea babu, baba na mtoto wa kiume. Bibi yuko wapi? Hata hilo Azimio alilolitaja limesema waziwazi nani alikuwa kazini saa 14 na nani alikuwa likizo, halafu akapita haraka.

Nina miaka 26, nafanya kazi hotelini kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Mama yangu amepika maandazi miaka 22, kwa maandazi hayo nikafika chuo. Kwenye fomu ya kuombea mkopo, penye kazi ya mzazi, niliandika "mama wa nyumbani". Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niandike hivyo. Mnapouliza kama kizazi chetu kinaijua maana ya kazi, sisi mabinti tumejifunza kutoka kwa watu ambao hawakuruhusiwa kuiita kazi.

Mwanzisha mada

Binti yangu, umenipata, na sitajitetea.

Wiki zile baba alipokuwa akienda kukaa kwenye ukuta, mama alikuwa akiamka saa tisa. Mchele aliuloweka tangu jioni, anautwanga, anaukoroga na tui, na baba anapofunga vifungo vya shati sinia la kwanza la vitumbua limekwisha kuuzwa pale kona. Mshahara wangu wa kwanza wa ualimu ulikuwa haunitoshi hata mwenyewe. Wadogo zangu wanne walimaliza shule kwa vitumbua vile. Nimeandika maneno yote haya kuhusu nani anapenda kazi, nikamsahau mtu aliyenilea.

Fundi, aibu ya gari kurudi naikubali, na naiona inapungua hata kwa walimu wapya wanaokuja shuleni kwetu. Lakini aibu ile hulelewa kwa miaka, na miaka hiyo lazima awepo mtu wa kuilipia. Wewe alikulipia mke wa fundi wako. Huyo kijana anayekuuliza mwezi wa pili atalipwa lini, jioni anarudi kwenye chumba cha kupanga na mwenye nyumba anamsubiri mlangoni. Yule mmoja aliyebaki, ningependa kujua analala wapi.

Jana usiku nilimpigia mama. Ana miaka 77, masikio bado mazima. Nikamuuliza habari za vitumbua vya mwaka ule. Akanitajia mchele alikuwa akiununua kwa nani na kwa bei gani, vibaba vingapi kwa siku, nazi ngapi, na nani na nani kati ya majirani waliokuwa wakichukua kwa mkopo mpaka mwisho wa mwezi, nyumba kwa nyumba. Hakuwahi kuwa na daftari.