Uongozi wa shule za watoto wadogo, acheni kututumia meseji za "kesho mtoto aje na..." saa nne usiku. TUMECHOKA

Wadau habari za saa hizi, samahanini uzi utakuwa mrefu ila nina hasira, na nisipozitoa hapa nitaenda kumwagia mwalimu pale getini ambaye hata yeye najua anatumwa tu.

Nina watoto watatu, wa kwanza miaka sita, wa kati minne, na mdogo ndo kwanza ameanza kutembea yani anashika kila kinachoshikika. Nafanya kazi, baba yao anafanya kazi za shifti. Wenye nyumba kama yangu mnajua jioni inavyokuwa, ukishaingia mlangoni hakuna kukaa, kuna wa kuogeshwa, kuna wa kulishwa, kuna anayelia kisa kaka yake kamwangalia, kuna nguo za kesho, kuna kiatu kimoja hakionekani, na vyote viishe mapema ili walale. Hapo sijalalamika, ni wanangu na niliwataka mwenyewe. Ninacholalamikia ni shule wanayosoma hawa wakubwa wawili kujipa ruhusa ya kuingia kwenye hayo masaa machache ya nyumba yangu na kuyapanga wao.

Yani umeshawalaza, umeosha vyombo, unataka sasa na wewe ukae, saa nne usiku grupu la wazazi linalia. Wazazi wapendwa, tunawakumbusha kesho watoto waje na tisheti ya njano, boksi tupu la viatu, gundi na picha ya familia iliyoprintiwa. Wanatukumbusha wakati hakuna siku walishawahi kutuambia! Nimepekua meseji za nyuma mpaka kidole kimechoka, hakuna. Sasa saa nne usiku mimi naprinti picha wapi? Tisheti ya njano natoa wapi, nani kafungua duka? Boksi la viatu lilishatupwa zamani, nyumba yenye mtoto anayeokota na kula karatasi huweki maboksi.

Na ukiuliza kwa heshima kabisa, mwalimu samahani hii taarifa mngetupa mapema, unajibiwa ni maelekezo ya ofisi, tushirikiane mzazi. Tushirikiane vipi wakati mmoja anaamua na mwingine anakimbizwa?

Alafu hilo grupu lenyewe ni tatizo linalojitegemea. Tangazo linatumwa mara moja, chini yake wanafuata watu kuandika asante mwalimu, asante ticha, amina, sawa tumepokea, mara mtu anauza mashuka, mara mwingine anatuma video ya mtoto wake anacheza, ukija kufungua asubuhi kitu cha maana kimefukiwa chini huko. Na siku hizi wamehamia kwenye voisi. Mtu anarekodi dakika nne, tatu za kwanza ni salamu, cha muhimu kipo mwishoni kabisa, na wewe umembeba mtoto ndo kwanza anasinzia begani huwezi kufungulia sauti. Kitu ambacho kingeandikwa kwa mistari miwili.

Ila kinachoniuma zaidi ya vyote sio huo usumbufu wangu. Ni mtoto.

Huyu wangu wa miaka minne juzi alienda bila hiyo tisheti ya njano, nikamvalisha nguo yake nyingine nzuri nikajua watamuelewa, ni mtoto. Jioni ananiambia mama leo mimi sikupigwa picha. Nikamuuliza kwanini, akasema wasio na njano walikaa pembeni. Wadau, mtoto wa miaka MINNE anawekwa pembeni awaangalie wenzake wanapigwa picha kwa kosa la taarifa iliyotumwa na watu wazima saa nne usiku kwa mtu mzima mwingine. Yeye hana simu, hana hela, hana anachoweza kufanya, yeye aliamka akavalishwa akaenda. Na alivyonisimulia hakulia, aliongea kama kitu cha kawaida, na ndo kilichonimaliza, maana ina maana ameshaanza kuona ni sawa. Kwenye hili sitanii na mtu. Kama mzazi amechelewa kuleta kitu mwambieni mzazi, mpigieni simu, mwandikieni barua, mtoto muwekeni na wenzake.

Tuje kwenye usingizi maana watu wanachukulia poa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, mtoto wa miaka 3 hadi 4 anatakiwa alale masaa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 wataalamu wa usingizi wanasema masaa 9 hadi 12. Sasa fanyeni hesabu na mimi, kama gari la shule linapita saa kumi na mbili asubuhi na mtoto lazima aamshwe saa kumi na moja, basi ili apate hata hizo 10 alitakiwa awe amelala saa moja jioni. Saa moja! Mimi kuna siku hiyo saa moja ndo nafika nyumbani. Na bado hapo hapo kuna homweki, mtoto wa chekechea kaandika herufi kurasa mbili nzima, mkono unauma anafuta anarudia, anaandika machozi yanadondokea daftari. Mkono wa mtoto wa umri huo bado haujakomaa jamani, pale kwenye kifundo kuna mifupa midogo 8 na kwa mtoto wa miaka minne kadhaa bado ni gegedu, yani laini haijawa mfupa kamili, wa mwisho huwa unaanza kugeuka mfupa mtoto akiwa anakaribia miaka kumi au kaizidi kabisa. Wanachohitaji wakitoka huko ni kucheza na kulala. Ufaransa walipiga marufuku homweki za kuandika kwa watoto wa shule ya msingi tangu 1956, kwa hiyo sio kwamba nimezua mimi hapa kwa uvivu wangu.

Na hiyo Ufaransa hiyo hiyo toka 2017 kuna sheria inayompa mfanyakazi haki ya kutokusumbuliwa na meseji za kazini akishatoka kazini. Ureno nao 2021 wakaja na sheria ya kumzuia bosi kumtafuta mfanyakazi nje ya masaa ya kazi mpaka kuwe na dharura. Mimi bosi wangu mwenyewe anayenilipa hanitafuti saa nne usiku. Shule ambayo mimi ndo nailipa inanitafuta! Na walimu nao wana watoto, wana waume na wake, hivi huyo mwalimu anayerekodi voisi saa nne usiku wanawe wanalala na nani? Ndo maana nasema hasira zangu zinaenda juu ofisini, kwa wanaokaa kikao jioni wanaamua kesho kuna shughuli alafu wanamsukumia mwalimu wa darasa akatuambie.

Kitu kingine, na hapa wababa msininunie maana sio nyie nawasema. Kwenye fomu ya kujiunga tulijaza namba ya baba kwanza, kwa makusudi, kwa sababu kwa shifti zake mchana mara nyingi yeye ndo yuko huru na ndo anawapokea watoto. Je anapigiwa? Hapigiwi. Mtoto akichemka mwili napigiwa mimi nikiwa kwenye kikao, mtoto akijikojolea napigiwa mimi, penseli zikiisha napigiwa mimi, nawaambia mpigieni baba yao yuko karibu, wananijibu aah tulijua baba atakuwa kazini. Na mimi nilikuwa wapi, sokoni? Grupu lenyewe linaitwa Wamama wa darasa fulani, mume wangu alipoomba kuingizwa admini akamwambia mama yupo inatosha. Mwanaume anataka kulea wanawe anarudishwa mlangoni!

Shirika la Kazi Duniani mwaka 2018 lilitoa ripoti, kazi za malezi na za nyumbani zisizo na malipo duniani kote wanawake wanafanya asilimia 76.2 ya masaa yake, wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku, wanaume saa 1 na dakika 23. Watu wakiona takwimu hizo wanakimbilia kusema wanaume wavivu. Wapo wavivu, nawajua. Lakini na hawa wanaompita baba wanampigia mama kila siku nao wanachangia, maana hata ukipata mume anayejituma, shule inamtoa kwenye mstari. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 18, unasema wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja wa kumlea mtoto. Shule ingebandika hiyo ukutani kwanza kabla ya kubandika ratiba ya michango.

Najua watakuja wa kusema hamisha mtoto. Nimhamishie wapi, mtoto keshazoea wenzake, na nimeuliza wenzangu kazini wenye watoto shule tofauti tofauti hadithi ni hiyo hiyo, inabadilika tu rangi ya tisheti. Watakuja na wa kusema wazazi wetu walilea saba na hawakulalamika. Wazazi wetu hawakuwa na simu inayolia usiku kuwaambia waamke wakatafute maboksi. Mwalimu akitaka kitu alimpa mtoto kikaratasi, na siku zilikuwepo za kujiandaa. Na nani kawaambia hawakulalamika, muulizeni mama yako leo alikuwa anachoka kiasi gani uone atakavyokujibu.

Sasa ninachotaka. Sitaki hela, sitaki kuombwa msamaha kwenye grupu. Nataka mambo ya wiki nzima yatumwe Ijumaa mchana, kwa maandishi, meseji MOJA, grupu likafungwa admini peke yake ndo aandike na wanaotaka kusalimiana wafungue lao. Kikishapita hicho, kama kuna kitu kimesahaulika basi ni cha ofisi kukitafuta au kuahirisha, sio cha mimi kukesha. Ukimtaka mzazi aje shuleni katikati ya siku ya kazi mpe wiki mbili aombe ruhusa, sio unamwambia jioni njoo kesho saa nne asubuhi kuna onyesho na mtoto anakutegemea, maana unamfanya mtu achague kati ya kibarua na sura ya mwanae inayomtafuta kwenye viti. Baba aingizwe grupu na apigiwe yeye kama namba yake ndo ya kwanza. Na hili la kumweka mtoto pembeni kwa kukosa kitu liishe kesho asubuhi, hilo halina cha kusubiri kikao.

Nimeshaandika barua, tumesaini mimi na baba yao na wazazi wengine kadhaa wa darasa hilo, tunaipeleka kwa mkono wiki hii na tutaomba wasaini nakala yetu kwamba wameipokea. Kuna wazazi wamekataa kusaini wakaniambia faragha wanaogopa watoto wao watachukiwa, na hapo ndo mjue tumefikia pabaya, mtu mzima analipa ada na anaogopa kuomba taarifa mapema.

Wenye uzoefu, kuna yeyote shule yake iliwahi kubadilika baada ya wazazi kusimama pamoja? Mlianzia kwa nani, mwalimu mkuu au mwenye shule? Na walimu mliopo humu tuambieni ukweli, huko ndani mnaambiwa nini na lini, kwa sababu nataka hiyo barua imfikie anayeamua, isiishie mezani kwa mwalimu wa darasa.