Mashine ya joto ya Rossi (E-Cat): wataalamu wanamfanyia husda au kweli haifanyi kazi?

MtambweKwetu

Assalaam alaykum wana jukwaa. Nina suali, naomba wenye ilimu ya fizikia au umeme mnijibu kwa kituo, mana jambo lishaingia ndani ya familia na pesa ziko njiani kutoka.

Sisi tuna shamba la mikarafuu Mtambwe, Pemba. Msimu huu karafuu zimezaa alhamdulillahi, lakini mvua imetukamata katikati ya uchumaji. Asozijua karafuu nimueleze kidogo, ukishachuma unachambua makonyo (vile vijiti vinavyoshika karafuu), unaanika kwenye majamvi, jua likiwa zuri siku 4 au 5 zinakauka mpaka ukiikunja kwa kidole inavunjika tak. Sasa mvua ikishika siku mbili tatu mfululizo ukazirundika ndani zinapata joto zinachacha, zinatoka mpeta, na mpeta hauna bei. Wiki iliopita mama kakesha anazigeuza kwa mikono, katandaza chumbani mpaka chini ya vitanda, na bado magunia mawili yameharibika. Nilipoyafungua ile harufu ya uchachu ilinipiga mpaka nikakaa chini.

Ndo ami yangu akatumiwa video na mtu anaekusanya arubuni za mashine ya joto "kama ile ya Rossi". Inasemwa ndani mna unga wa nikeli na haidrojeni, unaiwasha kwa umeme kidogo halafu yenyewe inatoa joto mara 6 au zaidi ya umeme ulioingia, miezi na miezi bila kuni wala mafuta. Ami anataka kutoa milioni 2 tujenge banda la kukaushia. Mimi na mama tunamwambia ngoja.

Nimesoma kidogo nikakuta huyo Andrea Rossi ni Muitaliano, aliionesha mashine Bologna Januari 2011 akiwa na Sergio Focardi ambae alikuwa profesa wa fizikia chuo kikuu cha pale pale. Kwa hio alikuwa na msomi pembeni yake. Lakini kila nikizidi kusoma nakuta wataalamu wenziwe wanampinga. Ami anasema hio ni husda tu, na wenye visima vya mafuta hawataki. Jamani nataka ukweli, wanamuonea au hakuna kitu mule ndani?

Yakhe_Chake

Waalaykum salaam. Yakhe mimi niko na ami yako kwenye jambo moja, wasomi wana tabia ya kumcheka mtu kabla hawajamsikiliza. Mfano tunao hapa hapa Tanzania, Erasto Mpemba (jina tu hilo, hakuwa mtu wa Pemba). 1963 yuko skuli ya Magamba kule Lushoto, wanatengeneza aiskrimu, yeye akatia maziwa yake kwenye friza yangali moto na yakaganda kabla ya ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu akaambiwa umechanganyikiwa, baadae ikawa kila akikosea darasani anaambiwa hio ni fizikia ya Mpemba. Akaja kumuuliza Dk Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wenziwe, wenziwe wakamcheka. 1969 likachapishwa kwenye jarida la nje kwa majina yao wawili na leo dunia nzima inaita athari ya Mpemba.

Sasa lau Osborne nae angecheka tungejua? Rossi nae mpeni nafasi. Kupingwa peke yake sio dalili ya uongo.

Mwalimu_Rahaleo

Yakhe nakubaliana na wewe kuwa kupingwa sio dalili ya uongo, lakini hio hadithi ya Mpemba hujaimaliza. Osborne hakumuamini mule ukumbini, alirudi Dar akamwambia fundi wake wa maabara ajaribu. Maji na friza kila mtu anavyo, hapana siri, ndio mana mpaka leo watu wanayapima na wanabishana, 2016 kuna watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima tena wakasema hawaioni hio athari. Mpemba hakumwambia mtu lete arubuni kwanza nikuoneshe baadae.

Nasomesha kemia na hili jambo la muungano wa viini vya atomu bila ya joto kubwa, ndilo linalodaiwa kutokea ndani ya mashine ya Rossi, nimelifuatilia tangu niko chuo, kwa hio mnisamehe nikirefusha. Halikuanza na Rossi. Tarehe 23 Machi 1989, Utah Marekani, walisimama wanakemia wawili, Martin Fleischmann na Stanley Pons, mbele ya waandishi wa khabari wakasema wametia vyuma vya paladi ndani ya maji mazito (maji yenye haidrojeni ya aina nzito) wakapitisha umeme na limetoka joto lisiloweza kuelezwa kwa kemia ya kawaida. Na Fleischmann alikuwa bingwa khasa wa elektrokemia (kemia ya umeme), memba wa Royal Society, chama cha mabingwa wa sayansi Uingereza, sio mtu wa kubahatisha.

Na hapa ndo nataka ami asome vizuri. Wapinzani wao hawakuanza kwa kupinga, walianza kwa kujaribu. Maabara chungu nzima duniani walikimbilia kununua paladi, kila mtu anataka kuwa wa pili kuthibitisha mana huo ni utukufu. Chuo cha Georgia Tech walitangaza wameziona nyutroni, chembe zinazotoka viini vikiungana, baada ya siku chache wakarudi wenyewe kusema tumekosea, kipimo chetu kilikuwa kinababaishwa na joto. Caltech, MIT, Harwell kule Uingereza wote walipima hawakupata. Mwanzo wa Mei kwenye mkutano wa wanafizikia Baltimore, Nathan Lewis wa Caltech akaeleza kuwa kama hukorogi yale maji, kipimajoto kinasoma pale kilipo tu, pengine pana moto kuliko kwengine. Jambo dogo kama hilo. Serikali ya jimbo la Utah ilishatoa dola milioni 5, taasisi iliyojengwa kwa pesa hizo ikafungwa 1991.

Kuhusu wenye visima vya mafuta. Rossi alipata matajiri Marekani, kampuni ya Industrial Heat, wakampa dola milioni 11 na nusu. Hawa walishalipa, faida yao yote ni mashine ifanye kazi. Wakakaa nayo zaidi ya miaka 3, kisha wakasema wamejaribu kuyathibitisha madai yake na hawakufanikiwa. Rossi aliwashitaki Aprili 2016 kwa dola milioni 89 zilizobaki, Julai 2017 wakamalizana wenyewe bila hukumu. Sasa mtu alietia pesa zake atamfanyia husda ng'ombe wake mwenyewe asitoe maziwa?

FundiBoila_Wawi

Mimi sijasoma fizikia kubwa lakini nimekaa na boila miaka mingi, tunachemsha makonyo na majani ya mkarafuu kutoa mafuta, kwa hio mvuke naujua kwa macho na kwa ngozi, nina kovu hapa mkononi. Nilipoletewa ile video ya Bologna nilitizama jambo moja tu, mdomo wa mpira unaotoa mvuke.

Sikiliza MtambweKwetu. Maji yana hisabu mbili. Kuipandisha lita moja kutoka baridi la kawaida, tuseme nyuzi 30, mpaka 100 unahitaji kama kilojuli 294. Lakini kuigeuza lita hio hio yote iwe mvuke, ukiwa tayari uko 100, unahitaji kilojuli 2,260 nyengine. Karibu mara 8. Na kipimajoto hakikwambii tofauti, kinasoma 100 maji yakiwa ndio kwanza yanachemka na kinasoma 100 hio hio yakiwa yote yamekuwa mvuke.

Sasa mashine ile maji yanaingia upande huu, upande wa pili unatoka mpira mrefu, kipimajoto kinasoma 100 na kidogo, mwenyewe anasema maji yote yamekuwa mvuke basi pigeni hisabu. Wakipiga wanapata zaidi ya kilowati 10. Lakini kama maji mengi yanapita vile vile yakiwa moto tu na mvuke umechanganyika kidogo, hisabu yako inaweza kuzidi hata mara 8 na hapana mtu aliyesema uongo kwenye kipimajoto. Sisi kazini tunauita mvuke wenye maji, ukiingia kwenye mtungi wa makonyo unaharibu kazi, mafuta hayatoki vizuri.

Mvuke mkavu una dalili. Pale mdomoni mwa bomba hauonekani, pana nafasi kama ya vidole vitatu vinne unaona hapana kitu, halafu mbele ndo unageuka wingu jeupe, na unapiga kelele. Mvuke wa kilowati 10 ni kama lita 7 kila sekunde zinapita kwenye mpira mwembamba, lazima uvume, huwezi kuusogelea. Juni 2011 mwandishi wa Kimarekani Steven Krivit alikwenda kule na kamera, Rossi akautoa mpira akauinua aonekane. Tafuteni mtizame wenyewe. Unatoka pole pole kama wa birika la chai. Rossi alisema mwengine umeshageuka maji njiani ndani ya mpira, na hilo huweza kutokea, mpira unapoteza joto kweli, lakini basi pima hayo maji! Tia ndoo, tia mzani, saa moja tu inatosha.

Yakhe_Chake

Fundi umenifunza kitu wallahi, sikuwa najua hio hisabu ya mara 8. Lakini Waswidi je? Nimesoma maprofesa wa Uswidi walikwenda kupima wakaandika ripoti nzuri. Wale nao hawajui mvuke?

Mwalimu_Rahaleo

Walikwenda, ndio. Mmoja wao Sven Kullander, msomi wa kuheshimika, alipewa unga uliotumika akaupima. Rossi alikuwa anasema nikeli inageuka shaba. Shaba ilikutwa kweli, lakini isotopu zake (aina za atomu zake zinazopishana uzito) zilikuwa kwa kiasi kile kile cha shaba ya ardhini, ile ya kawaida 69 kwa 31. Shaba iliyozaliwa ndani ya mashine kutoka kwenye nikeli isingelingana hivyo na shaba ya kununua dukani. Halafu muungano wa viini hutoa mionzi, na mionzi hawakuiona.

Ripoti ya 2014, ile ya Lugano Uswisi siku 32, hawakupima kwa maji kabisa. Walitumia kamera ya joto, na kamera ile inataka uiambie kwanza kitu unachokitizama kinang'ara kiasi gani, ukikosea namba hio unapata joto lisilokuwepo. Ndio lililobishaniwa. Na mashine siku zote ni yake, siri yake, kuifungua hairuhusiwi. Wapemba hujuana kwa vilemba, na hawa nao hujuana kwa vipimo, ukikataa kipimo cha mwenzio utabaki peke yako hata ukiwa na haki.

Na mlango haujafungwa. Kampuni ya Google ililipia watafiti wa vyuo kadhaa wayarudie haya ya 1989 na ya nikeli pia, matokeo yakatoka jarida la Nature 2019. Walikuwa wanatamani kupata, hawakuona joto la ziada.

MtambweKwetu

Ahsanteni sana, Mungu akulipeni. Jana usiku nilifanya jambo mbele ya ami. Birika letu la umeme ni la wati 2,000. Nikatia lita moja na nusu, nikashika saa, likachemka dakika 4 na kitu. Nikaliacha wazi liendelee kuchemka dakika 5 kamili, jiko limejaa moshi wa maji, mama anapiga kelele mnanimalizia umeme. Ami akasema sasa yamebaki nusu. Nikamimina kwenye jagi ya kupimia, yamebaki lita moja na robo na kidogo! Dakika 5 zote zile imepungua hata robo lita haikutimia. Ami kaishika ile jagi kaitizama muda mrefu, kaiweka kwenye mwangaza, hakusema kitu. Asubuhi ndo kaniambia mwambie fundi anieleze hii mashine tutaipima vipi, mimi simtuhumu mtu kabla sijapima.

FundiBoila_Wawi

Ami mtu muungwana, na kasema sawa. Usipime mvuke kabisa, mtagombana. Chukua pipa la lita 200, tia maji, koroga, pima joto, tuseme ni 28. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji, taa, vyote. Andika yuniti zako za TUKUZA (mita ya umeme wa kulipia kabla). Mashine iwashwe iyatie joto maji ya pipa, mnakoroga kila mara, mpaka yafike 68. Andika yuniti tena. Kupandisha pipa hilo nyuzi 40 ni kilojuli 33,600, sawa na yuniti 9 na kitu. Kwa hio hita ya kawaida itakula 9 mpaka 10 na zaidi kidogo kwa joto linalopotea. Mashine ya mara 6 haitakiwi kula hata 2. Waya ni mmoja tu unaoingia na mtizame hapana betri. Kipimajoto chenu, pipa lenu, mita yenu.

MtambweKwetu

Ami kampigia yule mtu leo baada ya laasiri, spika iko wazi sote tunasikia. Kamwambia lete mashine Mtambwe, nauli juu yangu, pipa ninalo, ikila yuniti 2 nakupa milioni 2 yako hapo hapo na nakutafutia wateja kumi. Yule mtu kasema mashine haziondoki bila ya arubuni. Ami kamwambia basi ikiondoka nijulishe, kakata simu.

Fundi, kesho nakuja Wawi inshaallah. Nataka tuzungumze banda la kawaida la kukaushia, lile la paa la nailoni na trei za kuvuta, ami kasema ile milioni 2 iko pale pale na karafuu za vuno la pili zimeanza kuwiva.