Mrejesho: friji, sola na kiyoyozi kwenye boti ya matanga

Habari zenu wakubwa. Niliuliza kama niweke friji, kiyoyozi na jenereta kwenye boti yangu ya futi 34 kabla ya kushuka na kaskazi kutoka Kilifi hadi Pemba na Unguja. Nimerudi.

Kiyoyozi na jenereta niliviacha. Aliyeniambia nipige hesabu kwanza, Mungu ambariki. Friji ya volti 12 hula kama ampea 5 ikiwaka, na kwa joto letu huwaka karibu nusu ya siku: ampea 5 mara saa 12, yaani ampea-saa 60 kwa siku nzima. Taa, redio na pampu ya maji huongeza kidogo tu. Nikafunga paneli mbili za wati 100 na betri ya lithiamu ya ampea-saa 200.

Kosa langu lilikuwa mahali pa paneli. Moja niliiweka karibu na mlingoti, na kivuli chembamba tu kilishusha umeme vibaya. Siku tatu bandari ya Mkoani, Pemba, mawingu yamefunga, betri ikashuka hadi asilimia 30 nikazima friji usiku. Samaki tuliwala haraka, wengine tukawagawa. Nilipoihamishia paneli hiyo nyuma ya boti na kuipa kidhibiti chaji (kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri) chake peke yake, tatizo likaisha.

Usingizi je? Feni mbili ndogo na turubai juu ya sitaha vimetosha, maana ukitia nanga boti huelekea upepo wenyewe. Mke wangu, aliyekitaka sana kiyoyozi, sasa anataka feni ya tatu jikoni. Hiyo nitaifunga wiki hii.