Kununua nyumba ya mapumziko Kupro: fleti ya Paphos au nyumba ya Kyrenia?

Mleta mada: Upepo wa Kusi

Salaam wanajukwaa. Kwa miaka kadhaa sasa mimi na mwenzangu tumekuwa tukipumzika kisiwani Kupro, mara nyingi upande wa Paphos, mnamo Septemba au Oktoba, wakati joto limeanza kupungua na maji ya bahari bado yana uvuguvugu. Tumefikiria kununua nyumba ndogo badala ya kuendelea kulipia hoteli, kwa nia ya kukaa huko miezi michache kila mwaka na kuipangisha kwa watalii wakati hatupo. Sisi si raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya.

Tumeonyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza ni fleti katika jengo ambalo bado linajengwa nje kidogo ya Paphos, na muuzaji anasema kwamba hatimiliki itafuata jengo likishakamilika. Ya pili ni nyumba inayojitegemea, yenye bwawa na bustani, karibu na Kyrenia upande wa kaskazini. Bei yake ni ya chini mno ikilinganishwa na ya kwanza, na dalali anatuhakikishia kwamba hati iko tayari. Naomba kuelimishwa tofauti hiyo ya bei inatokana na nini, na ni gharama gani zinazoongezeka juu ya bei ya nyumba, kwa kuwa kila tunayemuuliza anatupa jawabu lake.

Hati Kwanza:

Ndugu mleta mada, nianze na nyumba ya Kyrenia, kwa sababu hatari yake imeshaingizwa kwenye bei. Kisiwa kile kimegawanyika tangu mwaka 1974, jeshi la Uturuki lilipoingia kaskazini na Wagiriki wa Kupro waliokuwa huko wakakimbilia kusini wakiacha nyumba, mashamba na viwanja vyao, huku Waturuki wa Kupro waliokuwa kusini wakihamia kaskazini. Dola iliyotangazwa huko mwaka 1983 inatambuliwa na Uturuki peke yake. Kwa sheria za Jamhuri ya Kupro, yaani serikali ya upande wa kusini inayotambuliwa kimataifa, iliyojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, mwenye ardhi ni yule yule aliyekuwa ameandikishwa kabla ya vita, au warithi wake, hata kama hajaikanyaga kwa nusu karne. Hati anayokuonyesha dalali si lazima iwe ya kughushi. Tatizo ni kwamba huenda mamlaka iliyoitoa haikuwa na haki ya kuigawa ardhi hiyo.

Soma kesi ya Apostolides dhidi ya Orams kabla ya kutoa hata senti ya kuwekea nafasi. Mke na mume kutoka Uingereza walinunua kiwanja mwaka 2002 huko Lapithos, magharibi mwa Kyrenia, wakajenga nyumba ya mapumziko yenye bwawa, yaani nyumba ya aina ile ile unayotaka. Mwaka uliofuata vivuko vya mstari wa mgawanyiko vilifunguliwa, na mwenye ardhi, Meletis Apostolides, ambaye familia yake iliihama mwaka 1974, akafungua kesi. Mwaka 2004 mahakama ya Nicosia iliwaamuru wabomoe walichojenga, walipe fidia na wamrudishie ardhi yake. Kwa kuwa Jamhuri haina askari wala madalali wa mahakama kaskazini, ungedhani hukumu hiyo ingebaki kwenye makaratasi. Haikubaki, kwa maana Apostolides aliipeleka Uingereza, ambako wanandoa hao walikuwa na mali, na baada ya Mahakama ya Haki ya Ulaya kutoa uamuzi wake tarehe 28 Aprili 2009, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali mwaka 2010 kwamba hukumu ya Nicosia itekelezwe huko.

Uingereza imeshatoka katika Umoja wa Ulaya, hivyo njia hiyo mahususi haipo tena kwa kesi mpya za aina hiyo, lakini usijifariji kwa jambo hilo. Tangu mwaka 2006 sheria ya jinai ya Kupro inahesabu kuwa ni kosa kuuza, kununua, kupangisha au kutangaza ardhi ya mtu bila ridhaa ya mwenyewe aliyeandikishwa, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Kuanzia mwaka 2024 wapo wageni waliokamatwa walipoingia upande wa kusini wakituhumiwa kujihusisha na biashara hiyo. Wewe unayependa Paphos ungependa kuendelea kushuka Paphos bila wasiwasi, nadhani.

Mtembezi wa Visiwa:

Nakubaliana na mengi ya Hati Kwanza, ila si haki kuiweka ardhi yote ya kaskazini katika kapu moja. Hati za kule hazifanani. Zipo za ardhi ambayo kabla ya 1974 ilikuwa tayari mikononi mwa Waturuki wa Kupro au wageni. Zipo za kubadilishana, walizopewa Waturuki wa Kupro walioacha mali kusini. Na zipo zile zilizogawiwa walowezi kutoka Uturuki na wengineo na utawala wa huko. Aina ya kwanza haina mkimbizi wa kusini anayeidai. Aidha, iko tume ya mali isiyohamishika kaskazini, ambayo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikubali mwaka 2010 kuwa ni njia halali ya wakimbizi kudai fidia, kubadilishana au kurudishiwa mali. Kwa hiyo wapo wanaonunua kule kwa macho makavu na hawapatwi na lolote.

Hati Kwanza:

Mgawanyo huo wa hati ni sahihi, na ndiyo maana swali la kwanza kwa dalali liwe: mwaka 1974 ardhi hii ilikuwa ya nani? Akijibu kwa kukuonyesha mandhari ya milima, umeshapata jibu. Hata hivyo tume hiyo iliundwa kwa ajili ya mkimbizi apate haki yake, si kwa ajili ya kumsafishia mnunuzi hati, na wakimbizi wengi hawajapeleka madai yao huko. Tena ardhi yenye hati safi ya kabla ya vita ni chache na bei yake huwa juu. Nyumba yenye bwawa na bustani kwa bei ya chini mno haielekei kuwa mojawapo.

Daftari la Mawakili:

Naona Kyrenia imezungumzwa vya kutosha, basi niigeukie fleti ya Paphos, ambayo wengi huidhani haina tatizo kwa kuwa iko upande unaotambuliwa.

Neno "itafuata" katika maelezo ya muuzaji ndilo linalostahili kuchunguzwa. Kusini mwa Kupro imekuwa jambo la kawaida kwa mnunuzi kulipa bei yote, kuhamia na kuishi miaka mingi bila hatimiliki kwa jina lake, kwa sababu hati ya kila fleti hutolewa tu baada ya jengo kukaguliwa, kupata cheti cha mwisho na kiwanja kugawanywa rasmi. Muda huo wote ardhi inabaki kwa jina la kampuni iliyojenga, na mara nyingi kampuni ilishaiweka rehani benki ili ipate fedha za ujenzi. Mabenki ya Kupro yalipoyumba mwaka 2013, hadi wenye amana ya zaidi ya euro 100,000 katika benki kubwa kuliko zote wakabadilishiwa karibu nusu ya ziada hiyo kuwa hisa, kampuni nyingi za ujenzi hazikuweza kulipa mikopo yao, na watu waliokuwa wamelipia nyumba zao hadi senti ya mwisho wakagundua kwamba rehani ya kampuni inakaa juu ya vichwa vyao. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuwanusuru wanunuzi hao walionaswa, lakini ililenga mikataba ya zamani. Anayenunua leo asiitegemee.

Kinga yako ni kuusajili mkataba wa mauzo katika Idara ya Ardhi na Upimaji ndani ya miezi 6 baada ya kutia saini. Mkataba uliosajiliwa unakuwa mzigo juu ya ardhi hiyo: muuzaji hawezi kuiuza kwa mwingine ukakosa haki yako, na unaweza kuiomba mahakama ilazimishe uhamisho. Hata hivyo rehani iliyoandikwa kabla ya mkataba wako inakutangulia. Kwa hiyo kabla ya saini wakili wako achukue taarifa ya upekuzi wa ardhi inayoonyesha rehani, zuio na madeni, na kama kuna rehani, benki itoe kwa maandishi ahadi ya kuiachilia fleti yako ukishalipa. Muuzaji akikataa kutoa karatasi hiyo, acha. Fleti Paphos ni nyingi.

Kuhusu gharama, hesabu inategemea kama nyumba ni mpya au imewahi kumilikiwa. Nyumba mpya hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19. Kiwango nafuu cha asilimia 5 kipo, ila ni kwa makazi makuu ya mnunuzi na kina masharti ya ukubwa na thamani, hivyo nyumba ya kupumzikia miezi michache na kupangisha watalii haistahili, hata kama muuzaji amekuandikia bei kwa kiwango hicho. Nyumba iliyolipiwa kodi hiyo haitozwi ada ya uhamisho. Ile ya kununua kwa mmiliki wa kawaida kwa kawaida haina kodi hiyo, bali ina ada ya uhamisho ya asilimia 3 kwa euro 85,000 za kwanza, asilimia 5 kwa 85,000 zinazofuata, na asilimia 8 kwa zinazozidi 170,000, kisha jumla hukatwa nusu. Chukua nyumba ya euro 200,000: ikiwa mpya, kodi ni euro 38,000, ikiwa ya mkono wa pili, ada ni euro 9,200, na baada ya punguzo zinabaki 4,600. Ndiyo maana mimi huwashauri watu wa kupumzika watafute nyumba ya mkono wa pili ambayo hatimiliki yake imeshatoka. Rangi ya kuta utaibadilisha mwenyewe.

Kodi ya kila mwaka ya serikali kuu juu ya mali isiyohamishika ilifutwa mwaka 2017, ila tozo za manispaa, taka na maji taka zipo, pamoja na mchango wa matunzo ya jengo, ambao hupanda sana penye bwawa la pamoja na lifti. Kwa kuwa si raia wa Umoja wa Ulaya, utahitaji pia kibali cha kumiliki ardhi. Kisheria ni cha Baraza la Mawaziri, kiutendaji huombwa katika ofisi ya wilaya, na kwa kawaida hutolewa kwa nyumba moja au kiwanja kisichozidi takribani mita za mraba 4,000.

Upepo wa Kusi:

Nawashukuru nyote, nyumba ya Kyrenia tumeshaiondoa mezani. Yamebaki mambo mawili. Kampuni inayouza fleti imetupendekezea wakili wake, ikisema ada yake imeshaingizwa katika bei na kwamba tukiishi mbali anaweza kutusainia kwa hati ya uwakilishi. Tena dalali mmoja ametuambia kwamba anayenunua nyumba anapata ukaazi wa kudumu, na baadaye uraia. Je, ni kweli?

Daftari la Mawakili:

Wakili anayelipwa na muuzaji ni wakili wa muuzaji, hata akikukaribisha kwa kahawa. Tafuta wako, asiye na uhusiano wowote na kampuni hiyo, na ukimpa hati ya uwakilishi iandikwe kwa jambo moja tu: kusaini mkataba huu wa fleti hii, baada ya wewe kuidhinisha kwa maandishi matokeo ya upekuzi wa ardhi. Usimpe mtu uwezo wa jumla wa kununua, kuuza na kukopa kwa jina lako.

Mpango wa uraia kwa wawekezaji ulifutwa tarehe 1 Novemba 2020 baada ya kashfa kubwa, kwa hiyo dalali huyo anauza kisichokuwepo. Ukaazi wa kudumu kwa njia ya uwekezaji upo, lakini kwa nyumba za makazi unadai ununuzi wa nyumba mpya yenye thamani isiyopungua euro 300,000 bila kodi, pamoja na uthibitisho wa kipato cha nje kisichopungua euro 50,000 kwa mwaka. Kununua fleti ya kawaida hakubadilishi masharti yako ya viza.

Mtembezi wa Visiwa:

Niongeze la kisiwa chenyewe, kwa kuwa mleta mada anakijua kwa Septemba na Oktoba tu. Nendeni Januari, mpange nyumba ya kawaida, si hoteli. Mvua nyingi hunyesha kati ya Novemba na Machi, theluji huanguka katika milima ya Troodos, ambayo kilele chake kina mita 1,952, na nyumba nyingi za pwani zilijengwa kwa ajili ya kiangazi, zikiwa na sakafu ya vigae na kuta zisizozuia baridi, hivyo unyevu na ukungu wa kuta ni malalamiko ya kila mwaka. Baadhi ya maeneo ya watalii hunyamaza kabisa majira hayo, na duka la jirani mlilozoea mnaweza kulikuta limefungwa. Kisha nendeni Agosti, wakati joto la bara upande wa Nicosia hupita nyuzi 40 na maji ni tatizo la kitaifa kiasi kwamba nchi inategemea sana mitambo ya kuondoa chumvi baharini. Bustani na bwawa mtavitazama kwa jicho jingine.

Kuhusu kupangisha, nyumba za kupangisha watalii kwa muda mfupi lazima ziandikishwe kwa mamlaka ya utalii, na namba ya usajili ionekane kwenye tangazo. Muulizeni wakili pia kama kanuni za jengo zinaruhusu wageni wa siku chache, kwa sababu majirani wanaoishi pale mwaka mzima wana kamati yao, na kamati hiyo ndiyo mtakayoshughulika nayo mgeni wenu akipiga muziki saa nane za usiku. Na msiweke mapato ya kupangisha katika hesabu ya kulipia mkopo: miezi ambayo watalii wanaitaka nyumba yenu ndiyo hiyo hiyo mnayotaka kukaa ninyi.