Kijana kapata leseni, nimfundisheje kuhusu pombe na usukani?

MamaK_Tabata
Habari zenu wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Kijana wangu ana miaka 18, kamaliza kidato cha sita, na leseni ya daraja D anayo. Jumamosi kuna sendofu ya binamu yake Mbezi, kaomba gari aende na wenzake. Baba yake kamwambia, "Nikikusikia unanuka bia, funguo huzioni tena." Kaitikia "sawa baba", kanyamaza. Naogopa akinywa ataendesha hivyo hivyo, ili tu asubuhi tukute gari uani. Niongee naye vipi?

Muuguzi_Zamu
Pole dada. Niko kitengo cha dharura, na wikiendi usiku tunawapokea vijana wa rika lake. Mpe hesabu ya saa. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe. Ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo chupa moja inataka saa mbili na zaidi. Akianza saa nne usiku akanywa tano, saa moja asubuhi bado imo mwilini, hata kama amelala na anajiona mzima. Supu, kahawa, kuoga maji baridi, vyote vitamchangamsha tu. Ini haliendi mbio kwa supu.

Dereva_Masafa
Na sheria isimdanganye. Kwetu Tanzania kiwango cha gari binafsi ni miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanashauri 50, na kwa madereva vijana 20. Huyu bado anawaza klachi na gia. Bajaji ikichomoka ghafla kushoto, breki anaikumbuka imeshapita. Ongeza bia mbili hapo, na wenzake wanne wanaopiga kelele nyuma. Kwake iwe sifuri.

BabaWawili
Mimi nilikubaliana na wangu hivi: akinywa, au anayeendesha akinywa, anipigie hata saa tisa usiku. Namfuata, gari linabaki hapo hapo, na usiku huo hakuna kugombeza.

Mzee_Kigogo
Hapo umemruhusu anywe, bwana.

BabaWawili
Shikamoo mzee. Kunywa nimemkataza, na kesho yake tunaongea tena kwa ukali. Ila sitaki aogope kunipigia kuliko anavyoogopa kuendesha amelewa.

Muuguzi_Zamu
Naunga mkono. Mama, mfundishe pia kukataa lifti. Wengi ninaowapokea hawakuwa wao kwenye usukani.

MamaK_Tabata
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeongea na baba yake, kakubali hilo la simu, ila kasema Jumamosi gari halitoki. Atawapeleka mwenyewe na kuwafuata saa sita. Hesabu ya saa nitakaa na kijana kesho jioni, tuipige pamoja kwenye karatasi.