Tupeane uzoefu: kandambili za ufukweni, gundi inaachia wapi?

Fundi Msasa
Wadau wa kuchonga wanyama kwa soli za kandambili kuukuu zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, nimeona tembo aliyefumuka tumboni, nikaona tuliseme hili wazi. Hapa Bagamoyo malighafi inaletwa na bahari yenyewe, lakini soli iliyolala ufukweni imejaa chumvi, na chumvi inavuta unyevu, gundi haishiki. Piga brashi na sabuni, suuza maji baridi mara 2, anika kivulini siku 2. Mchanga kwenye matundu ya mikanda utoe kwa msumari, kisu kisife makali.

Binti Dunda
Hapo kwenye mchanga umenena.

Mzee Kisu
Kivulini kwa nini? Anika juani, ndani ya saa 3 tu imekauka.

Fundi Msasa
Juani inakauka na kujikunja, mzee wangu. Lile povu la soli hunywea kwa joto, ukibandika tabaka zilizopinda zinavutana mpaka zinaachana. Soli ina unene wa sentimita moja na nusu hivi, kwa hiyo tembo wa sentimita 15 anakula tabaka 10. Hapo una mishono 9 ya gundi ya kuachia!

Mama Karakana
Mshono mnauweza, moto je? Kuna chumba cha mafunzo kiliungua hivi: wanafunzi wanapaka gundi ya viatu, madirisha yamefungwa upepo usilete vumbi, jiko la mkaa la chai liko chini mlangoni. Mvuke wa gundi ni mzito kuliko hewa, haupandi juu, unatambaa sakafuni. Ulipofika kwenye mkaa, moto ukarudi nao mpaka kwenye kopo la gundi. Mtu akamwagia maji, gundi ikaelea ikiwaka na kusambaa. Povu la soli likayeyuka, likadondokea mkono wa binti likaganda hapo hapo. Jamani, gundi ipakwe barazani, hakuna jiko wala sigara, na ndoo 2 za mchanga ziwe karibu!

Mwanapwani
Uuuwi. Binti apakwe asali haraka.

Binti Dunda
Asali hapana! Maji ya kawaida yatiririke juu ya kidonda dakika 20, povu lililoganda lisibanduliwe, aende hospitali. Wala dawa ya meno.

Mwanapwani
Bibi zetu walipaka asali wakapona.

Mzee Kisu
Hilo la asali mtamaliza wenyewe. Gundi mnapakaje? Mimi nasema nene, mara moja.

Mama Karakana
Nyembamba, pande zote 2, mzee. Ngoja dakika 10 hadi 15, masika zaidi. Gusa kwa kidole: isiponata kidoleni, bandika na kandamiza kwa tofali usiku kucha. Ile nene inakauka juu tu, ndani mbichi, ndiyo inayofumuka.

Fundi Msasa
Na wanafunzi wapya wasianzie tembo. Siku ya kwanza samaki wa tabaka 2 wa kuning'iniza kwenye funguo: kisu, msasa mkali wa namba 80, kisha laini wa 240, tundu la msumari. Akikosea pezi, mwalimu asimnyang'anye kisu. Pezi lililokatika linakuwa samaki mdogo zaidi, na jioni anaondoka na kitu alichokimaliza kwa mkono wake.

Mzee Kisu
Kwa samaki tunakubaliana. Kisu kilainishwe kwa maji ya sabuni, hakigandi kwenye povu.

Binti Dunda
Maji ya sabuni baada ya gundi kukauka usiku mzima, lakini. Kabla ya hapo yanaingia kwenye mshono.